Picha Ukutani

Msomaji wangu, yamkini umepata kualikwa jioni katika nyumba ya jamaa mjini Ruiru, katika mojawapo ya majengo marefu ya kupanga yaliyoota kando ya barabara kuu iendayo Thika tangu barabara hiyo ilipopanuliwa na kufunguliwa rasmi mwaka 2012. Kama umealikwa, huenda umeona mezani kisanduku cheupe kisichozidi nusu mkate kwa ukubwa, chenye jicho la kioo mbele na waya nyuma. Tena huenda umemsikia mwenye nyumba akisema kwa fahari kwamba leo hatutazami televisheni, leo tutatazama picha ukutani, kubwa kama za sinema. Kisanduku hicho ni projekta. Insha hii ni habari za kisanduku hicho, na za kile kijiti chenye vitufe kinachokiamuru kutoka mbali, nacho huitwa rimoti. Usidhani kuwa ni habari za dukani tu. Ni historia, tena historia iliyopita katika mashamba na vijiji vya hapa petu, na sehemu yake moja si ya kupendeza.

Mimi nilialikwa na mpwa wangu. Alikuwa amenunua projekta iliyokwisha kutumika, akataka nimsaidie kuitengeneza mahali pake. Katika chumba tulikuwa watu saba, watoto wakiwamo, na nyanya mmoja jirani aliyeletewa kiti karibu na mlango. Nyanya huyo alizaliwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia kwisha, na aghalabu hasemi neno mpaka aulizwe.

Tulipowasha mashine yalitupata makosa manne mfululizo. Kwanza picha ilikuja juu chini. Mpwa wangu akapaza sauti, "Mjomba, hebu tazama, watu wanatembea darini!" Tulipoigeuza ikawa pana juu na nyembamba chini, kama sufuria iliyobonyea. Tulipoinyosha tukaona kuwa imefifia, kwa maana jua lilikuwa halijatua na dirisha halina pazia zito. Na tulipotaka kuongeza mwangaza, rimoti ikakataa kabisa. Nilicheka, kwa sababu nilijua kuwa hakuna hata kosa moja kati ya hayo lililo jipya. Kila moja lina umri mkubwa kuliko sisi sote tuliokuwa chumbani, akiwamo nyanya.

Tuanze na picha kuwa juu chini. Kiasi cha miaka 1,000 iliyopita aliishi mtaalamu aitwaye Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, aliyefanya kazi zake kubwa katika mji wa Kairo. Mtu huyo aliandika kitabu kirefu juu ya nuru na macho. Katika majaribio yake alitumia chumba cha giza chenye tundu dogo. Alipanga taa kadhaa nje ya tundu, akaona kwamba kila taa hutupa doa lake ukutani ndani ya chumba, na madoa hayachanganyiki ijapokuwa nuru zote zimepita katika tundu lile lile. Akiziba taa moja, doa moja hutoweka, tena ni la upande ulio kinyume. Kwa hiyo nuru husafiri katika mstari ulionyoka: itokayo juu hupita tunduni ikaanguka chini, na itokayo chini ikaanguka juu. Unaweza kulishuhudia jambo hilo leo ukiziba madirisha ya darasa lako kwa karatasi nyeusi na kuacha tundu la ukubwa wa punje ya mahindi. Miti na watu wa nje watatokea ukutani, nao watakuwa kichwa chini miguu juu.

Lenzi ya projekta hufanya kazi hiyo hiyo ya kupindua. Ndiyo maana waendesha sinema wa zamani walitia utepe wa filamu mashinani juu chini kwa makusudi, ili lenzi iurudishe ulivyopaswa kuwa. Mashine za siku hizi hujipindua zenyewe kwa amri. Aliyemwuzia mpwa wangu alikuwa ameitundika darini, akaamuru picha igeuzwe, na amri hiyo ilikuwa ingali imo. Tulipoifuta, watu wakashuka sakafuni.

Kosa la pili, la picha kuwa kama sufuria iliyobonyea, hutokea pale mashine inapowekwa chini na kuinuliwa uso. Nuru iendayo sehemu ya juu ya ukuta husafiri mbali zaidi kuliko iendayo chini, na kadiri isafirivyo ndivyo inavyotanuka. Dawa yake ya kweli ni kuiinua mashine mpaka jicho lake lielekee ukuta sawasawa. Sisi tuliiinua kwa vitabu vinne. Dawa ya pili ni kuiamuru mashine ibane picha yenyewe upande ulio mpana, walakini hiyo ni dawa ya kuficha, kwa kuwa sehemu ya nukta za picha hupotea. Umbali nao una sheria zake. Mashine ile ilihitaji mita 3 kutoka ukutani ili itoe picha yenye upana wa mita 2. Ukiirudisha nyuma mpaka mita 6 utapata upana wa mita 4, lakini nuru ile ile itakuwa imetandazwa juu ya eneo mara nne, na mwangaza utabaki robo. Watu wengi hununua projekta, wakataka picha ijae ukuta mzima, kisha wakalaumu taa.

Na taa ndiyo iliyowasumbua watu kwa muda mrefu kuliko kitu kingine chochote. Mholanzi Christiaan Huygens alitengeneza taa ya mazingaombwe mnamo mwaka 1659: sanduku lenye mwali wa moto ndani, kioo kilichochorwa picha, na lenzi. Kwa karne mbili watu walitumia mishumaa na mafuta, na picha zikawa hafifu. Baadaye walipata kutumia kipande cha chokaa kilichochomwa kwa gesi mpaka kikang'aa cheupe, kisha ukaja umeme.

Taa ya mazingaombwe iliingia Afrika mikononi mwa wasafiri na wamisionari. Mwaka 1854 David Livingstone alifika kwa chifu Shinte, akawaonyesha watu picha ya Ibrahimu aliyeinua kisu ili amchinje mwanawe. Watu walitazama kwa utulivu. Lakini Livingstone alipokisogeza kioo ili alete picha nyingine, kile kisu kilionekana kuwajia wanawake waliokaa mbele, nao wakapiga kelele na kukimbia. Kisa hiki hupenda kusimuliwa ili watu wacheke. Wanaokisimulia huacha mwisho wake, nao upo katika maandishi ya Livingstone mwenyewe: Shinte hakukimbia. Alikaa mpaka picha zikaisha, kisha akaikagua ile mashine kwa makini. Nami nasema kwamba katika mkusanyiko ule Shinte ndiye aliyeuliza swali lililo bora, yaani si picha hii ni ya nani, bali chombo hiki hufanyaje kazi. Isitoshe, hata Wafaransa husimuliwa kwamba walikimbia treni ukutani pale ndugu Lumière walipoanza kuonyesha picha zitembeazo mjini Paris, kuanzia tarehe 28 Desemba 1895. Wanahistoria wengi hawakisadiki kisa hicho cha Paris. Basi tuwe waangalifu vivyo hivyo na visa vya Waafrika waliokimbia.

Sasa sikiliza jambo lituhusulo sisi wa Ruiru na Thika. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 mji mchanga wa Nairobi ulipata umeme wake wa maji kutoka maporomoko ya mto Ruiru. Katika miaka ya 1920 kikafunguliwa kituo cha Ndula, katika mto Thika. Kwa hiyo mtu aliyekaa Nairobi siku zile akitazama picha zikicheza juu ya kiwambo, nuru aliyoitazama ilikuwa ni maji ya kwetu yaliyogeuzwa umeme. Nyaya zilipita juu ya mashamba ya kahawa na makonge, na chini yake wavunaji walirudi jioni katika vibanda vyenye kibatari. Maji yalikuwa ya hapa, mwanga ukawa wa kwingine, na kwa muda wa miaka mingi.

Sinema ya mashambani iliwezekana kwa sababu ya uvumbuzi mmoja usiosifiwa sana. Filamu za kwanza zilikuwa za namna ishikayo moto upesi kama baruti. Mwaka 1923 kampuni ya Kodak ilitoa utepe mwembamba wa milimita 16, uliotengenezwa kwa kitu kisicholipuka, pamoja na mashine ndogo ya kuuonyesha. Uliuzwa kwa matajiri ili watazame picha za familia nyumbani, na hapo ndipo ilipoanza sinema ya nyumbani ambayo mpwa wangu anajivunia. Utepe wenye urefu wa futi 400 ulicheza kwa dakika 11 hivi, picha 24 kwa kila sekunde. Lakini kitu kilichobuniwa kwa sebule za matajiri kilifaa pia kupakiwa katika gari, pamoja na jenereta, kipaza sauti na shuka nyeupe, na kupelekwa mahali pasipo umeme.

Wa kwanza kufanya hivyo kwa mpango katika Afrika ya Mashariki walikuwa Notcutt na Latham. Kati ya miaka 1935 na 1937, kwa fedha zilizotoka hasa katika Shirika la Carnegie la Marekani, walikaa Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika, wakatengeneza filamu 35 juu ya safura, benki ya posta, kilimo na mambo mengine ya namna hiyo. Sauti ilirekodiwa katika sahani za santuri, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine, ili filamu moja iweze kusema maneno mbalimbali kufuata mahali ilipofika. Gari lao lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda na kuendelea kusini. Waafrika waliigiza na kusaidia kazi, lakini walioamua nini kitengenezwe hawakuwa wao.

Mwaka 1939 serikali ya Uingereza ikaanzisha Idara ya Filamu za Makoloni chini ya William Sellers, mtu aliyekuwa ametembea na gari la sinema katika Nijeria. Sellers alishika imani ambayo iliwatawala wenzake kwa miaka mingi. Alisema kwamba Mwafrika wa kijijini hawezi kufuata filamu za kawaida, na kwa hiyo lazima atengenezewe filamu za namna yake: ziende polepole, picha moja ikae muda mrefu, kitu kimoja tu kiwemo, pasiwe na hila yoyote ya kamera. Ushahidi ulioletwa mara kwa mara ulikuwa wa visa. Kimojawapo kilikuja kuenea sana kwa maelezo ya Mwingereza aitwaye John Wilson. Watu wa kijiji kimoja cha Afrika walionyeshwa filamu ya dakika tano juu ya usafi, na walipoulizwa wameona nini wakajibu kwamba wameona kuku. Watengenezaji wenyewe hawakumjua kuku huyo. Iliwabidi waitazame filamu tena, picha kwa picha, na ndipo walipomkuta: kuku amepita kwa sekunde moja pembeni mwa picha.

Msomaji wangu, zingatia kisa hiki. Wataalamu walikitumia kuthibitisha kwamba wanakijiji hawajui kutazama. Mimi nakiona kinathibitisha kinyume. Watu wale waliona kitu kilichokuwamo kweli ndani ya picha, ambacho mpiga picha, mkataji na wakaguzi wote hawakukiona. Walichokosa ni kutojali kile ambacho mwenye filamu alitaka wajali. Kusoma picha ni elimu kama kusoma herufi, na mtu hujifunza kwa kuzoea. Lakini kutokujua desturi za mkataji filamu wa London si upungufu wa macho wala wa akili.

Haya hayakuwa mabishano ya vitabuni tu. Dhana kwamba Mwafrika haelewi picha ilikuwa nguzo ya sheria na amri. Katika Kenya sheria ya kukagua michezo na sinema ilianza mwaka 1912, na baadaye wakaguzi waligawa watazamaji kwa rangi: filamu moja iliweza kuruhusiwa kwa Mzungu na kukatazwa kwa Mwafrika. Mwafrika aliyekwenda vitani Burma akarudi na nishani aliambiwa kwamba picha fulani itamharibu.

Kisha ikaja Dharura. Ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, ikadumu mpaka Januari 1960. Kuanzia mwaka 1954 serikali iliwaamuru Wakikuyu wa hifadhi za Kiambu, Fort Hall na Nyeri, pamoja na Waembu na Wameru, wabomoe nyumba zao zilizotawanyika wakakae katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na miti iliyochongwa ncha. Katika muda usiotimia miaka miwili watu zaidi ya milioni moja walikuwa wamehamishiwa katika vijiji zaidi ya 800. Kuingia na kutoka kulikuwa kwa saa na kwa ruhusa. Huko ndiko magari ya sinema ya serikali yalikoingia jioni, yakatandaza shuka nyeupe, yakawasha jenereta, na mtu mwenye kipaza sauti akasimama kando kufasiri.

Mfasiri huyu anastahili kutazamwa kuliko hata mashine. Filamu nyingi zilikuwa bubu, au zilisema Kiingereza, na yeye ndiye aliyezipa maneno. Aliweza kuongeza mzaha, kufupisha hotuba, kutaja jina la mtu aliyekaa mbele. Sellers na wenzake walimwandikia maneno ya kusema, lakini hapana mtu wa London aliyekuwapo gizani kumsikia kama ameyasema. Watu walikuja kwa wingi, na wengi walifurahi kweli, kwa sababu baada ya filamu ya mbolea au ya utii iliwezekana kuletwa Charlie Chaplin. Hatuna haki ya kusema kwamba furaha ile ilikuwa ya uongo. Mtoto aliyeshinda akichimba handaki pamoja na mama yake alikuwa na haki ya kucheka usiku. Lakini hakuna aliyeweza kusema, tuondolee hii, tuletee nyingine. Wala kuondoka wakati wa hotuba halikuwa jambo jepesi penye askari.

Hapo ndipo nyanya aliponena, jioni ile ya kwetu. Nilikuwa nikiwaeleza watoto habari za magari, naye akasema, "Mwenye mashine alikuja nayo, akaondoka nayo. Sisi tulibaki na shuka tu machoni." Hakuongeza neno.

Turudi kwenye rimoti, maana ilikuwa ingali kimya juu ya meza. Kuamuru kitu kutoka mbali bila waya ni jambo la zamani. Nikola Tesla aliwaonyesha watu wa New York chombo kidogo cha majini kilichoongozwa kwa mawimbi ya redio mwaka 1898. Lakini rimoti ya televisheni isiyo na waya ilizaliwa Chicago, katika kampuni ya televisheni iitwayo Zenith, ambayo mkuu wake, Eugene McDonald, alichukia matangazo ya biashara kiasi cha kutaka mteja aweze kuyanyamazisha. Mwaka 1955 mfanyakazi wake Eugene Polley akatoa kitu kama bastola kilichotupa mwali wa nuru kwenye pembe nne za televisheni: pembe moja huwasha na kuzima, nyingine hunyamazisha sauti, na mbili hubadilisha stesheni. Kilikuwa kizuri, ila jua la dirishani nalo lilikuwa nuru, likawa linabadilisha stesheni lenyewe. Mwaka 1956 mwenzake Robert Adler akaja na rimoti isiyotumia nuru wala betri. Ndani yake mlikuwa na fimbo nne za alumini. Ukibonyeza kitufe, nyundo ndogo hugonga fimbo, nayo hutoa sauti nyembamba mno ambayo sikio la mtu haliisikii lakini televisheni huisikia. Betri zilikataliwa kwa sababu moja ya busara: waliogopa kwamba betri zikiisha nguvu, mteja atadhani televisheni yenyewe imeharibika.

Tazama miaka hiyo: 1955 na 1956. Ni miaka ile ile ya mahandaki ya Kiambu na Fort Hall. Katika sebule ya Chicago mtu alipewa chombo cha kumnyamazisha msemaji asiyempenda akiwa ameketi kitini. Katika kijiji cha Dharura mtu aliketi chini mbele ya shuka, akamsikiliza msemaji mpaka mwisho. Sizilinganishi habari hizi mbili ili nikuchochee, bali kwa sababu tarehe zenyewe zimeziweka pamoja, na vitabu vya uvumbuzi havina desturi ya kuzisoma pamoja.

Kuanzia miaka ya 1980 hivi rimoti nyingi ziliacha sauti, zikashika mionzi iliyo chini ya nyekundu. Mionzi hiyo iligunduliwa na William Herschel mwaka 1800, alipoweka kipimajoto pembeni mwa rangi za upinde wa mvua zilizotolewa na kioo cha pembetatu. Aliona kwamba mahali palipo nje ya rangi nyekundu, pasipoonekana rangi yoyote, ndipo penye joto kubwa zaidi. Taa ndogo iliyo kichwani mwa rimoti hutoa mionzi hiyo kwa kumetameta, kwa kawaida mara 38,000 hivi kwa sekunde, nao mpangilio wa kumeta na kutulia ndio amri. Kumetameta huko ndiko kunakoiwezesha mashine kuitambua rimoti na kutodanganywa na jua kama ile ya Polley. Jicho lako haliioni nuru hiyo, lakini kamera za simu nyingi huiona. Elekeza rimoti kwenye kamera, bonyeza kitufe, tazama kioo cha simu: ukiona kitone chenye rangi ya zambarau au nyeupe, rimoti ni nzima na kosa liko kwingine.

Sisi tulijaribu, tukaona giza tupu. Mpwa wangu alikuwa tayari kumpigia simu aliyemwuzia amshitaki kwa udanganyifu. Mtoto wa miaka tisa akafungua kifuniko cha nyuma, akaonyesha betri moja iliyotiwa kinyume. Tulipoigeuza, kitone kikawaka. Adler alijua alichokikwepa.

Kuhusu mashine yenyewe sina maneno mengi. Ile ya mpwa wangu haina utepe wala gurudumu. Ndani yake mna kioo chembamba chenye nukta nyingi mno, na kila nukta hufunguka na kufungika kwa umeme, ikapitisha nuru au ikaizuia. Mashine za namna hiyo zilianza kuuzwa mwaka 1989. Nyingine hutumia vioo vidogo visivyoonekana kwa macho, maelfu kwa maelfu juu ya kipande kimoja cha ukubwa wa kucha, na kila kimoja huinama huku na huku; ni kazi ya Mmarekani Larry Hornbeck, mwaka 1987. Taa zake za siku hizi hudumu miaka, hali taa za mashine ya milimita 16 zilikuwa za moto mkali, na utepe ukikwama mbele yake kwa muda mfupi uliungua, nao watazamaji waliona doa la kahawia likitanuka juu ya uso wa mwigizaji.

Magari ya serikali yaliendelea baada ya Uhuru wa mwaka 1963, yakafuatwa na magari ya kampuni za matangazo yaliyouza sabuni na unga kwa kuonyesha vichekesho viwanjani. Televisheni ilikuwa imekwisha kuanza Nairobi mwaka 1962, lakini ilichukua miaka mingi kufika kwa mtu wa kawaida. Kando ya barabara ya Thika palikuwa na sinema ya Fox, ambapo mwenye motokaa alitazama akiwa ndani ya motokaa yake, na asiyekuwa nayo alibaki nje.

Katika filamu zote 35 za Vugiri zinazojulikana kubaki ni tatu tu. Za Idara ya Filamu za Makoloni zimebaki nyingi zaidi, zimehifadhiwa Uingereza, na baadhi yake zaweza kutazamwa na mtu yeyote mwenye intaneti. Jioni ile, jua lilipotua na dirisha likazibwa kwa blanketi, watoto walitaka mpira. Mpwa wangu, kwa heshima ya mgeni wake mkubwa, akamwuliza kwanza nyanya anataka nini. Akasema anataka zile za zamani, za shuka.

Tukamtafutia moja ya nyakati zile. Bwana mmoja wa kilimo alisimama mbele ya picha akieleza jambo juu ya mashimo na mbolea, na msomaji wa Kiingereza akawa anasema kwa sauti ya kutulia. Kwa dakika mbili nyanya hakusema kitu. Kisha akanyosha mkono, akaiomba rimoti. Mtoto akamwonyesha kitufe cha kusimamisha. Picha ikasimama, bwana wa kilimo mdomo wazi, nasi tukangoja. Nyanya hakuwa akimtazama yeye. Alinyanyuka kitini, akaenda mpaka ukutani, akaweka kidole nyuma ya bega la yule bwana, penye nyumba ya nyasi na mwanamke aliyepita na mtungi wa maji mgongoni kwa kamba ya kipaji. Kivuli chake kilifunika nusu ya picha. Akaitazama namna kamba ilivyofungwa, akarudi kitini, akauliza kitufe cha kurudisha nyuma ni kipi.